Nani Alifunga Siku Ile? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Simba ya Zamani

Ukurasa wa mwezi huu tumeuachia barua za Simba peke yake. Yanga wameingia pale watani walipokutana, na mwanachama mmoja wa Jangwani tumempa nafasi yake. Barua tumezifupisha, lakini maswali hatukuyagusa.

Mhariri, shikamoo. Babu yangu anashikilia kwamba King Kibadeni aliwafunga Yanga mabao manne siku ile ya sita bila. Mjomba anasema matatu. Wamebishana mpaka futari ikapoa. Nani mkweli?
*Msomaji, Mbagala*

Marahaba. Mjomba ndiye aliye sahihi, ila babu hakukosea kwa kubuni. Mechi ilichezwa Julai 19, 1977. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Jumla sita.

Bao hilo la kujifunga ndilo linalovuruga hesabu za wazee wengi. Aliyekaa mbali jukwaani huona mpira umegusa nyavu na mshambuliaji wa Simba anashangilia, basi bao anamwandikia huyo. Ukiona mzee ana mabao yote sita lakini majina mawili tu ya wafungaji, ujue la kujifunga limepata mwenyewe mwingine kichwani mwake. Mwulize babu hivi: "Lile la Sanga lilikuwaje?" Usimwambie kwanza kwamba kakosea. Mara nyingi jina hilo likitajwa, picha nzima hurudi.

Mabao matatu ya Kibadeni yana uzito wake hata bila la nne. Hadi leo hakuna mwingine aliyefunga matatu peke yake katika mechi moja ya ligi kati ya watani hawa.

Nataka kuthibitisha matokeo ya mechi za miaka ya 60 na 70 kwa macho yangu, kwenye magazeti, si kwa kusimuliwa. Nilikwenda maktaba mara moja nikatoka mikono mitupu. Nilitafuta "Simba" mwaka 1968, sikuona kitu.
*Msomaji, Morogoro*

Hukuona kitu kwa sababu mwaka 1968 hapakuwa na timu ya soka inayoitwa Simba. Klabu ilianza 1936 kwa jina la Queens, ikapita kwenye Eagles, kisha ikajulikana kwa muda mrefu kama Sunderland. Jina la Simba lilikuja 1971. Kwa hiyo kwa mechi zozote kabla ya mwaka huo, jicho lako litafute "Sunderland". Hilo peke yake litakuokolea nusu siku.

La pili ni tarehe. Usiombe faili la siku ya mechi, omba la siku inayofuata. Ile ya Julai 19, 1977 ilikuwa Jumanne, basi habari yake iko kwenye magazeti ya Jumatano tarehe 20. Mechi ya Jumamosi itafute kwenye gazeti la Jumapili, na usipoipata fungua la Jumatatu, maana gazeti lililokwenda mtamboni mapema liliikosa. Kama huna siku kamili, anza na ratiba: magazeti yalitangaza mechi kubwa siku kadhaa kabla, na tangazo la kiingilio huonekana haraka kuliko habari ya matokeo.

Upande wa Kiswahili omba faili za Uhuru. Upande wa Kiingereza, kabla ya 1972 kulikuwa na The Standard na The Nationalist, na mwaka huo yakaunganishwa kuwa Daily News. Ukiomba Daily News ya 1970 utaambiwa halipo, na kweli halipo. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ndipo pa kuanzia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya Afrika Mashariki. Nenda na penseli badala ya kalamu ya wino, na uulize mapema kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Ukiruhusiwa, piga picha mbili kwa kila habari: moja ya ukurasa mzima ili jina la gazeti na tarehe vionekane, nyingine ya karibu. Watu wengi hurudi nyumbani na picha nzuri ya habari isiyo na tarehe, na baada ya mwaka hawajui imetoka wapi.

Jihadhari pia na "Uwanja wa Taifa". Katika habari za kabla ya 2007 jina hilo ni la uwanja tunaouita sasa Uhuru, Shamba la Bibi. Ule mkubwa wa jirani, kwa Mkapa, ulifunguliwa 2007. Na majina ya familia nayo hupoteza watu. Maulid Dilunga ni wa Yanga, Abbas Dilunga ni wa Simba. Akina Manara waliocheza ni ndugu zaidi ya mmoja, hivyo "Manara kafunga" haitoshi. Tafuta kama ni Kitwana au Sunday.

Mbona mnapenda kuandika 1977 tu? Sisi wa Jangwani hatuna historia?
*Mwananchi, Tabata*

Mnayo, tena nzito. Juni 1, 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0: Maulid Dilunga mawili, Saleh Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Agosti 10, 1974 pale Nyamagana, Mwanza, Adam Sabu aliitanguliza Simba, Gibson Sembuli akasawazisha mechi ikielekea ukingoni, na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza, 2-1. Na Novemba 5, 2023 ni 5-1, Maxi Nzengeli akifunga mawili, Kennedy Musonda, Aziz Ki na Pacôme Zouzoua moja moja, la Simba likiwa la Kibu Denis. Shabiki wa Simba anayehifadhi kumbukumbu kwa dhati anaziandika zote hizi kwenye daftari lake, kwa wino uleule.

Vijana wangu hawaamini kwamba Simba ilifungwa nne nyumbani na Mufulira Wanderers, ikaenda Zambia ikashinda tano. Na je, ilikuwa lazima zifike tano?
*Msomaji, Tanga*

Waaminishe. Ni Klabu Bingwa Afrika 1979. Dar es Salaam, Simba 0, Mufulira 4. Marudiano Lusaka, Mufulira 0, Simba 5, na matatu kati ya hayo ni ya Thuwein Ally. Jumla 5-4. Raundi iliyofuata Simba ilitolewa na Racca Rovers ya Nigeria, na labda ndiyo maana safari yenyewe haitajwi sana, inatajwa siku moja tu ya Lusaka.

Hesabu ya bao la tano inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu wengi wanadhani siri ya siku ile ilikuwa kutoruhusu bao. Chukua karatasi.

Simba ingeshinda 4-0, jumla ingekuwa 4-4, na kila timu ingekuwa imefunga manne ugenini. Hapo hakuna aliyemzidi mwenzake, mnakwenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Ingeshinda 5-1, jumla 5-5. Kwa kanuni ya bao la ugenini (jumla zikilingana, hupita aliyefunga mengi ugenini) Simba ingekuwa na matano Lusaka dhidi ya manne ya Mufulira Dar, na ingepita. Hata 6-2 ingetosha kwa hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo kwa timu iliyofungwa 4-0 nyumbani, kizingiti halisi ni bao la tano. Ukishalifikisha, mwenzako akifunga moja bado uko hai. Kabla ya hapo, bao lake moja linakuua.

Shabiki yeyote akubali kufanya hesabu hii kabla ya marudiano, si baada. Inakuonyesha timu yako iende kushambulia au ikae.

Ukiwasimulia vijana, waongezee na 1974. Mwaka huo Simba ilifika nusu fainali ya michuano hiyohiyo baada ya kuitoa Hearts of Oak ya Ghana, ikatolewa kwa matuta na Mehalla ya Misri. Katika Klabu Bingwa haijawahi kufika mbali zaidi ya hapo.

Juzi mtangazaji alisema fainali ya 2025 ni ya pili ya Simba katika Kombe la Shirikisho, ya kwanza ikiwa 1993. Ni sawa? Na ilikuwaje tukakosa kombe 1993 wakati ugenini tulitoka sare?
*Msomaji, Kigamboni*

Fainali ya pili ya Afrika, ndiyo. Ya pili ya Shirikisho, hapana. Lile la 1993 lilikuwa Kombe la CAF, michuano iliyoanza 1992 kwa timu ambazo hazikuwa bingwa wa ligi wala wa kombe la nchi. Mwaka 2004 liliunganishwa na Kombe la Washindi, ndipo likazaliwa Kombe la Shirikisho. Ukiandika daftari lako, weka safu mbili tofauti.

Sasa 1993. Simba ilikuwa chini ya Kibadeni, safari hii akiwa kocha, langoni akiwa Mohamed Mwameja. Mkondo wa kwanza wa fainali, Abidjan, Stella Club na Simba zilitoka 0-0. Mji mzima ukaona kombe limeshafika Msimbazi. Marudiano Uwanja wa Taifa, Novemba, Stella ikashinda 2-0.

Tunaomba msomaji aitazame vizuri ile 0-0. Sare isiyo na mabao ugenini inaonekana tamu kwa sababu hukufungwa, lakini pia hukufunga, na hilo ndilo tatizo. Nyumbani, Simba ilikuwa na njia mbili tu: kushinda, au kurudia 0-0 na kwenda kwenye matuta. Sare yoyote yenye mabao, 1-1 au 2-2, ilikuwa inampa kombe mgeni. Maana yake Stella ilihitaji bao moja tu ili Simba ilazimike kufunga mawili. Timu mwenyeji ikishafungwa katika hali hiyo haiwezi kutulia. Mabeki wanapanda, nyuma kunabaki uwazi, na mgeni anasubiri la pili. Mshambuliaji Boli Zozo wa Stella ni jina ambalo waliokuwa uwanjani siku ile hawajalisahau hadi leo.

Sare ya 1-1 Abidjan ingekuwa bora kuliko ile 0-0. Ni neno gumu kulisema kwa timu iliyolinda vile, lakini ndivyo hesabu inavyosema. Wenzetu wa Yanga wanaijua kanuni hiyohiyo kwa uchungu wao: fainali ya Shirikisho 2023 walifungwa 2-1 Dar na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers kwa penalti ya Djuma Shaban, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini.

Ya 2025 haikufika huko. RS Berkane ilishinda 2-0 Morocco, na marudiano yakachezwa Amaan, Zanzibar, Mei 25, yakaisha 1-1. Bao la Simba alifunga Joshua Mutale.

Nani alipiga penalti ya mwisho dhidi ya Zamalek?
*Msomaji, Dodoma*

Christopher Alex Massawe. Ilikuwa Cairo, Agosti 2003. Simba ilishinda 1-0 Dar kwa bao la Emmanuel Gabriel, ikafungwa 1-0 kule, ikashinda matuta 3-2, Juma Kaseja langoni, kocha James Siang'a wa Kenya. Zamalek walikuwa mabingwa watetezi wa Klabu Bingwa Afrika. Simba ikaingia makundi pamoja na Enyimba, ASEC na Ismaily, na Enyimba ndiyo iliyochukua kombe mwaka huo.

Ni kweli Kaseja, kipa, aliifunga Yanga?
*Msomaji, Shinyanga*

Kweli, kwa penalti, Mei 6, 2012, siku ya 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, Kaseja moja, Felix Sunzu moja, Patrick Mafisango moja. Penalti zilikuwa tatu katika mechi ile. Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam Mei 17, siku kumi na moja baadaye. Katika daftari la mechi hiyo jina lake liandike kamili na tarehe hiyo pembeni yake.

Mwaka 2011 Simba ilitolewa na TP Mazembe, kisha tukasikia inacheza tena. Ilikuwaje?
*Msomaji, Kigoma*

Mazembe ya Kongo ilishinda mechi zote mbili za Klabu Bingwa Afrika, 3-1 Lubumbashi na 3-2 Dar. Baadaye ikaondolewa mashindanoni kwa kumchezesha Janvier Besala Bokungu, ambaye hakustahili kucheza. Kufikia hapo Mazembe ilikuwa imeshaitoa pia Wydad ya Morocco katika raundi iliyofuata. CAF ikawakutanisha waliotolewa, Simba na Wydad, mechi moja tu, uwanja usio wa yeyote, Cairo. Wydad ikashinda 3-0.

Kilichobaki kutoka safari hiyo ni Mbwana Samatta. Mazembe ilimwona, ikamchukua mwaka huohuo pamoja na Patrick Ochan. Mwaka 2015 Samatta akawa bingwa wa Afrika na Mazembe, akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na Januari 2016 akaenda Genk.

Rafiki yangu anasema Simba ya 2019 iliingia robo fainali kwa bahati, maana ilifungwa tano mara mbili. Nimjibu nini?
*Msomaji, Nairobi*

Mwoneshe jedwali la makundi ya Klabu Bingwa Afrika. Nyumbani: JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 kwa bao la Meddie Kagere, AS Vita 2-1. Ugenini: 0-5 Kinshasa, 0-5 kwa Al Ahly, 0-2 kwa Saoura. Mabao sita ya kufunga, kumi na matatu ya kufungwa, tofauti hasi saba, na pointi 9. Msimamo: Al Ahly 10, Simba 9, Saoura 8, Vita 7.

Katika makundi kipigo cha tano kina bei sawa na kipigo cha moja: pointi tatu. Simba ilikusanya zote tisa kwa Mkapa. Siku ya mwisho iliingia uwanjani ikiwa na pointi 6, ya mwisho kabisa kwenye kundi. Sare ingeiacha palepale mkiani. Vita ilitangulia kufunga, Mohamed Hussein "Tshabalala" akasawazisha, na Clatous Chama akafunga la ushindi dakika za mwishoni kabisa. Timu inayoshinda mechi zote tatu za nyumbani imepata ilichokifanyia kazi.

Marehemu baba ameacha kanda saba za kaseti. Alikuwa anarekodi matangazo ya mpira kutoka Redio Tanzania. Hazina maandishi. Naogopa kuzicheza. Nifanyeje?
*Msomaji, Bagamoyo*

Umefanya vizuri kuogopa. Hiyo ni mali ya watu wengi kuliko familia yako, kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

Kwanza usitie kanda yoyote kwenye redio. Ishike karibu na mwanga, tazama utepe kupitia kidirisha. Ukiona ukungu mweupe au madoadoa, jambo la kawaida sana kwa nyumba za pwani, itenge kwenye mfuko wake. Kanda yenye ukungu ikichezwa inaacha ukungu kwenye mashine, na mashine inazigawia nyingine sita. Hiyo mpelekee fundi anayejua kusafisha kanda.

Zilizo safi, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki kwenye ukingo wa nyuma. Vikishavunjwa redio haiwezi kurekodi juu ya sauti ya zamani hata ukibonyeza kwa bahati mbaya. Kisha soma urefu ulioandikwa kwenye ganda. Kanda ya dakika 60 ina utepe mnene kuliko ya 90, na ya 120 ni nyembamba kabisa, hukatika ikivutwa. Anza na za 60 ili ujifunze mkono.

Redio kaseti yenyewe isafishe kabla: pamba kwenye kijiti, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa kile kichwa cha chuma kinachogusa utepe na gurudumu la mpira lililo pembeni yake mpaka pamba itoke safi. Subiri ikauke. Rudia kila baada ya kanda mbili, maana kanda za zamani huacha unga wa kahawia, na unga huo ndio unaofanya sauti ififie katikati ya mechi.

Peleka kanda mbele hadi mwisho, kisha irudishe mwanzo, mara moja, bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka thelathini umeganda kwenye mzunguko wake na unahitaji kulegea.

Unganisha waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la visikilizio la redio hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka 44,100 Hz, biti 16, hifadhi kama WAV. Matangazo ya redio yanatosha njia moja ya sauti, na hapo dakika 90 zitachukua karibu MB 450.

Kosa la watu wengi liko kwenye kiwango cha sauti. Wanapima kwa mtangazaji akiongea kawaida, halafu bao likiingia kelele zinapasuka na jina la mfungaji halisikiki, nalo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Tafuta kwanza sehemu ya bao, pima hapo, hakikisha mshale haugusi mwisho, ndipo urudi mwanzo urekodi yote. Usikatekate chochote wakati wa kurekodi. Hata taarifa ya habari iliyofuata baada ya mechi iache, kwa sababu huenda ndiyo itakayokupa tarehe.

Sauti ikiwa nzito na ya kuburuta au inayumba, huenda mkanda wa mpira ndani ya redio umelegea. Jaribu redio nyingine kabla ya kuilaumu kanda. Utepe ukikatika usitumie selotepu ya dukani, gundi yake huchuruzika na kunasa mzunguko wa juu. Ipo tepu maalumu ya kuungia kanda. Na kama ganda limefungwa kwa skrubu tano unaweza kulifungua. Lililogandishwa kwa gundi mwachie fundi.

Kujua ni mechi gani, sikiliza na karatasi mkononi. Andika majina ya wachezaji yote yanayotajwa, wa Simba na wa wapinzani, kabla ya kutafuta matokeo. Mtangazaji hurudia matokeo na dakika mara nyingi kwa ajili ya anayewasha redio amechelewa. Andika kila anaporudia. Ukipata jina la mpinzani na mfungaji mmoja, rudi kwenye jibu la msomaji wa Morogoro hapo juu na ukatafute gazeti la siku iliyofuata. Wazee wa mtaani kwenu wasikilizishe sauti yenyewe, na usiwaulize mwaka. Waulize kama ilikuwa kabla au baada ya vita vya Kagera, kabla au baada ya Mufulira. Hapo watakupa jibu la karibu zaidi.

Faili lipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, siku, timu, na upande wa kanda A au B. Weka nakala mbili, moja kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Kanda zenyewe usizitupe. Zisimamishe wima kama vitabu kwenye boksi, mbali na spika na jua, ukiwa umeandika lebo kwa penseli. Ukipata ile yenye ukungu nayo imesafishwa, tuandikie majina uliyoyasikia, tutakusaidia kuitafutia tarehe.